Twende Nkungwe Mwezi Gani?

Ukimwuliza mtu wa Kigoma au Ujiji wakati gani unafaa kwenda Milima ya Mahale, aghalabu atakujibu: Agosti au Septemba. Jibu hilo ni sawa kwa yule anayekwenda kuwatazama sokwe mtu, maana mwishoni mwa kiangazi huonekana kwa urahisi zaidi kwenye miteremko ya chini. Lakini mimi nazungumzia nyasi za juu kabisa, kule karibu na kilele cha Nkungwe chenye mita 2,462, ambako misitu na mianzi huachia uwanda wa majani. Kwa huko, Agosti ni kuchelewa.

Sababu ni moto. Mvua zetu hukoma Mei. Kufikia Agosti majani yamekauka, nyika nyingi za mkoa zimeungua, na moshi na vumbi vimetanda hata milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani. Utapanda kwa jasho, kisha utazame weupe mtupu! Aprili nayo siisemei; njia ni utelezi na kilele kimejifunika mawingu.

Nyumbani kwetu mama watoto alishikilia Agosti, ili fedha zitimie. Hoja yake haikuwa nyepesi, kwani mashua ya zaidi ya kilometa 100 kuelekea kusini, ada za hifadhi, na askari wa kuongoza kwa siku 2 au 3 si mambo ya mshahara wa mwezi mmoja. Ila mtoto wetu wa kwanza alikuwa anamaliza shule mwaka ule, na hatukujua maisha yangempeleka wapi. Tukauza mbuzi wawili, tukaenda shule zilipofungwa mwanzoni mwa Juni. Majani yalikuwa bado mabichi, na Kongo ilionekana wazi.

Juni ina ila yake, nayo ni upepo wa kusi, ambao mashua ya kwenda Mahale hukutana nao uso kwa uso. Waulize wavuvi. Wakiwa wamevuta vyombo vyao mchangani, nawe lala. Kila mtoto avae boya, hata akilia.

Tazama pia mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na taa zao (zamani karabai, siku hizi za betri) hulifanya ziwa kuwa kama mji. Chukua blanketi zito. Na kabla ya kupanda, waeleze watoto kwamba Watongwe, waliokaa milimani humo kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1985, waliuheshimu Nkungwe kama makao ya mizimu. Basi wasipige makelele ovyo.

Yule mtoto wetu sasa anafanya kazi Mtwara. Likizo yake huwa Desemba, mvua zinaponyesha, na kila ajapo huuliza kama kilele kinaonekana.