Mficha Maradhi na Aliyefichiwa

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Methali hii nimekua nayo hapa Unguja, wala haijapata kunitua moyoni, maana yamlaumu mgonjwa peke yake. Je, aliyefichiwa maradhi yake na wakubwa, angali mtoto, ataumbuliwa kwa kosa gani?

Mtoto wa mama yangu mdogo alilelewa katika nyumba ya kipigo. Kila alipolia aliambiwa, "Nyamaza, usitutie aibu." Kunyamaza huko kukaitwa sitara. Alipokaribia miaka thelathini usingizi ulimpaa, akawa anazisikia sauti tusizozisikia sisi. Alipelekwa kwa mganga, kisha hospitali. Dawa zilizipunguza sauti; huzuni ikabaki pale pale. Usiku mmoja barazani akaniambia, "Kaka, sitamani tena kupambazukiwa."

Nilimwuliza waziwazi, "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?" Wako wanaohofu kuwa swali hilo humtia mtu wazo asilokuwa nalo. Wataalamu wanasema sivyo. Humpa nafasi ya kusema. Alilia, akaitika, kisha akanisimulia mambo ya alipokuwa na miaka saba. Asubuhi tulifuatana kwa daktari.

Yake si ya nyumba moja. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watu wazima zaidi ya 17,000 wa San Diego, Marekani. Ulionyesha kuwa aliyepatwa utotoni na aina moja tu ya madhila, kama vile kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa au kumwona mama akipigwa, huzidi mara mbili hadi tano katika hatari ya kujaribu kujiua. Madhila yakirundikana, na hatari hupanda. Tafiti za baadaye miongoni mwa wenye maradhi ya akili zimeelekea huko huko. Hata hivyo hatari si hukumu: wengi waliopitia hayo wanaishi, na matibabu pamoja na msikilizaji mwaminifu huwasaidia.

Sitara, wasomaji wapenzi, asili yake ni kufunika kilicho dhaifu. Inayomfunika mpigaji na kumwacha mtoto uchi haistahiki jina hilo. Mdogo wangu yu hai, anatumia dawa zake, na siku hizi husimulia bila ya kuinamisha uso. Ndani ya majumba yetu wako watoto wanaoambiwa wanyamaze hivi sasa. Hao tuwasikilize wangali wadogo.