Hesabu ya Karanga

Kila tarehe 27 Aprili (ikiangukia Jumapili, basi siku moja kabla) Waholanzi husherehekea siku ya kuzaliwa ya mfalme wao, na siku hiyo yeyote anaweza kupanga bidhaa barabarani bila kibali. Hapa Amsterdam bustani ya Vondelpark huachiwa watoto. Wanatandika blanketi na kupanga midoli waliyoichoka. Mwaka huu nilimkuta binti wa miaka kama minane akiuza treni ya mbao kwa yuro mbili. Ukariakoo ukanipanda, nikataja moja. Akamgeukia baba yake aliyekuwa akinywa kahawa pembeni. Baba akainua mabega tu, biashara si yake. Tukaafikiana moja na nusu. Nikamuuliza pesa za nini. Kuna farasi wa plastiki anamtaka, blanketi la tatu kutoka pale.

Julai nilikuwa Dar, kituo cha Mwenge, saa tatu usiku.

"Shikamoo, anko. Karanga?"

Binti wa rika lilelile, beseni kichwani. Alilitua, akachana ukurasa wa daftari, akausokota kama pia na kunipimia za mia tano. Nilipozimaliza nikaukunjua ule ukurasa: hesabu za kutoa, peni nyekundu, sita kwa kumi. Daftari la nani? La kaka. Mbona hulali? "Hesabu ya mama haijatimia."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kituo kizima tulikuwa tunatafuna.

Wenzangu wa ughaibuni wakirudi likizo hupenda kuhubiri kwamba "kule kwetu" mtoto hauzi. Kwetu wapi? Wanauza sana, na watu wazima wanawapigia makofi. Hata mimi niliuza barafu za ubuyu mlangoni kwetu Tanga, na chenji niliijua hapo kabla ya darasani. Ila zisipoisha nilizilamba mwenyewe, na ugali ulikuwepo palepale. Yule wa Vondelpark akikosa wateja atakosa farasi. Huyu wa Mwenge kuna mtu anamsubiri nyumbani, na sufuria labda inamsubiri pia.

Basi nikafanya lile tunalolifanya wenye nauli ya ndege. Nilinunua beseni zima, nikampa noti ya elfu kumi, nikamwambia akalale. Karanga niliwagawia abiria, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Kesho yake nilishuka pale saa nne usiku. Daladala zilikuwa zimepungua na wauzaji wengine wameshafunga. Yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, anasinzia, beseni miguuni. Lilikuwa beseni jingine, kubwa kuliko la jana.

"Shikamoo, anko. Mama kasema nikusubiri."