Mfuko wa Makaratasi: Funzo la Safari Yetu ya Zanzibar



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, likizo inakaribia na baadhi ya familia zimeshaniuliza habari za safari ya Zanzibar, kwa kuwa wanajua kwamba mimi na watu wangu tulikwenda mwaka 2023. Wengi wanauliza nauli na mahali pa kulala. Mimi nimeona niwaandikie kuhusu makaratasi, kwa sababu makaratasi ndiyo yaliyonitia adabu, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha wengine.

Ninaishi Nyamirambo, Kigali, na nina zaidi ya miaka ishirini nikisomesha madrasa. Nyumbani tuko sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na binti wa marehemu dada yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi. Watoto wetu wanalijua ziwa Kivu, lakini bahari waliijua kwenye ramani tu. Huyu mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiniuliza kila mara: "Mjomba, ni kweli ukiwa kwenye meli baharini huoni ng'ambo?" Nikaweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili, na mke wangu akaweka ya kwake, mpaka Allah akatujaalia nauli ya basi hadi Dar es Salaam na tiketi za meli ya kwenda Unguja.

Makaratasi nilidhani nimeyamaliza. Nilishaeleza darasani mara nyingi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Nimewasomesha vijana hadithi ya yule aliyemuuliza Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Lakini ngamia wangu mimi sikumfunga vizuri. Pasipoti nne zilikuwa kwenye bahasha ya kaki, mbili kwenye mkoba wa mke wangu, vyeti vya chanjo kwenye mfuko wa koti, na tiketi za basi ndani ya msahafu wa safari. Mke wangu aliniambia usiku wa kuamkia safari, "Baba watoto, tuviweke pahali pamoja." Nikamjibu kwamba kila kitu ninajua kilipo.

Tukafika mpaka wa Rusumo mchana. Pale maofisa wa Rwanda na wa Tanzania wanafanya kazi ndani ya jengo moja, kwa hiyo mtu hupanga foleni mara moja tu. Ofisa akazitazama pasipoti zetu, akanitazama mimi, akasema kwa upole:

"Ustadhi, hawa watatu ni wako. Huyu wa nne jina lake halifanani na lako. Ni nani wako?"

Nikasema: "Ni mpwa wangu. Mama yake alikuwa dada yangu, amefariki."

"Na baba yake?"

"Naye ametangulia mbele ya haki."

"Mwenyezi Mungu awarehemu. Sasa nipe barua ya ulezi."

Ndugu zangu, barua nilikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa, imesainiwa na baba yake mdogo kwa upande wa ukoo wa baba, na imepigwa muhuri na notari. Nikafungua bahasha, haimo. Nikafungua mkoba wa mke wangu, haimo. Nikapekua koti, nikapekua begi la nguo mbele ya abiria wote, haimo. Ndipo nikakumbuka kwamba siku mbili kabla ya safari niliipeleka madrasa kutoa kopi, wanafunzi wakaingia, nikaichomeka ndani ya daftari la mahudhurio, na kopi yake pamoja nayo.

Yule ofisa hakunikosea hata kidogo. Watoto wanaibwa na kuvushwa mipaka, na anayevusha huwa na maneno mazuri na pengine kanzu nyeupe kuliko yangu. Angeniamini kwa sura tu, angekuwa amefanya kazi yake vibaya. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu, akafungua ofisi, akaikuta barua na kunitumia picha yake. Ofisa akaitazama, akasema muhuri anataka kuuona kwenye karatasi yenyewe. Basi la watu halikuweza kutungoja. Mabegi yetu yakateremshwa, likaondoka na nauli zetu. Shemeji yangu akaipokea ile barua, akapanda gari kutoka Kigali kuja nayo.

Hasara ya nauli nilikwisha kuisahau. Ambalo sijalisahau ni hili. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, watoto wamenyamaza, na yule mpwa wangu akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie:

"Mjomba, huyo atakayeileta barua nirudi naye. Nyinyi mwende. Mtanipigia picha za bahari."

Wallahi nilikosa la kusema. Mtoto huyu nimemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Sikumbuki siku ambayo alikula tofauti na wanangu au kuvaa tofauti nao. Lakini kwa uzembe wangu wa karatasi moja alikaa pale mbele ya watu akijiona kwamba yeye ndiye anayezuia safari ya wenye nyumba. Aya ya kutomwonea yatima, katika Suratu Dhuhaa, nimewahifadhisha watoto wa madrasa sijui mara ngapi. Sikupata kufikiri kwamba mtu anaweza kumdhulumu yatima kwa kusahau tu.

Nikamwambia: "Tunakwenda wote au tunarudi wote. Wewe hukukosea. Aliyekosea ni mimi, na nitawaambia wenzako hivyo." Nikawaita wote, nikawaambia. Mwanangu mkubwa akacheka kidogo, akasema, "Baba leo amepata sifuri," nao wakacheka. Shemeji alifika baada ya Magharibi. Tukalala pale pale Rusumo, na kesho yake tukavuka kwa basi jingine.

Usiku ule hatukulala mapema. Mke wangu alitoa faili lenye mifuko mingi, ambalo hutumia kuwekea risiti za duka lake, akaondoa risiti zote, tukaanza upya. Nitawaeleza tulivyofanya, kwa sababu ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Kwanza, tulimchagua mtu mmoja. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Mimi nikabaki amiri wa safari, na mke wangu akawa amini wa makaratasi. Hakuna karatasi inayotoka kwenye faili bila yeye kujua, na ikitoka hairudi mfukoni kwa mtu, inarudi kwenye faili kabla hatujaondoka dirishani.

Pili, kila mtu ana mfuko wake ndani ya faili, wenye jina lake. Ndani yake mna pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tiketi, na kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, iwemo barua ya ruhusa ya mzazi wa pili. Kwa mtoto wa kulelewa, barua ya ulezi, karatasi yenyewe na kopi mbili.

Tatu, kopi hazikai na karatasi zenyewe. Kopi za wote ziko kwenye begi langu, picha ziko kwenye simu zetu mbili na kwenye barua pepe. Namba za simu muhimu tumeziandika kwa kalamu kwenye karatasi, maana simu huzima na huibwa.

Yapo pia mambo ambayo familia nyingi za kwetu hukosea, na ningependa tuyaangalie mapema. Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo mtu aliyewahi kwenda Mombasa kwa kitambulisho hudhani na Zanzibar ni vivyo hivyo. Tanzania haimo katika mpango ule, lazima uwe na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayokubaliwa. Na pasipoti iangaliwe tarehe yake: iwe imebakiwa na miezi 6 au zaidi. Za watoto ziangaliwe zaidi, kwa kuwa muda wake huwa mfupi kuliko za wakubwa.

Chanjo ya homa ya manjano nayo isingojwe mpaka siku ya mwisho, kwa sababu cheti huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa miaka 10 asihangaike kuchanjwa tena, kwani tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zimekifanya kuwa cha maisha. Aidha, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni wanaotoka nje ya nchi, jambo ambalo halikuwepo tulipokwenda sisi. Ulizeni kabla ya kufunga safari. Na saa zenu zisogezeni mbele: Tanzania iko saa moja mbele ya Rwanda, na meli haimngoji aliyesahau.

Tulipofika Dar es Salaam tulikwenda kukata tiketi za meli. Karani, kwa nia njema, aliandika watoto wote wanne kwa jina langu la ukoo. Zamani ningeliacha likapita. Safari hii mke wangu alirudisha tiketi ile dirishani, akasema, "Huyu jina la baba yake ni jingine. Tuandikie kama lilivyo kwenye pasipoti." Karani akasema haina tofauti, ni saa mbili tu majini. Mke wangu akasimama pale pale mpaka ikabadilishwa.

Tofauti ipo, tena kubwa. Wenzetu wa Unguja na Pemba hawajaisahau meli ya MV Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Ilibeba watu wengi kupita kiasi, na orodha ya abiria haikulingana na waliokuwemo, hata idadi ya waliopotea ikabishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam. Allah awarehemu wote. Jina lako likiandikwa sawasawa kwenye orodha ya meli, watu wako wanapata pa kuulizia. Na sisi Waislamu tunayo sababu nyingine ya kumwandika mtoto wa kulelewa kwa jina la baba yake, nayo ni amri iliyomo katika Suratul Ahzab, aya ya 5. Kumlea hakuondoi nasaba yake. Tunampa mapenzi yote ya nyumbani na tunamwachia jina lake.

Meli ilipotoka, watoto walikimbilia dirishani. Baada ya muda mpwa wangu akaniita: "Mjomba, njoo uone, ng'ambo haionekani." Tukasimama pamoja tukatazama maji.

Tuliposhuka bandari ya Malindi, Unguja, ilibidi kuonyesha pasipoti tena, kwani mgeni wa nje hukaguliwa hata akitokea Tanzania bara, na kulikuwa na fomu za kujaza. Mke wangu akafungua faili, akamtolea kila mtu pasipoti yake. Mpwa wangu akaomba kalamu aijaze fomu yake mwenyewe. Akaandika jina lake na jina la baba yake kwa herufi kubwa, taratibu, kama anavyoandika mtihani. Tulipofika dirishani ofisa akauliza, "Huyu ni nani wako?" Kabla sijafungua mdomo, yeye akasema, "Ni mjomba wangu, na barua ipo." Akaitoa mwenyewe kwenye mfuko wake.

Ndugu zangu, Mtume wetu (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amehimiza kwamba mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Tangu safari ile, faili letu halikurudi kuwa la risiti. Limo kabatini, na ndani yake sasa umo wasia wangu na wa mke wangu, na barua ya ulezi iko juu kabisa. Nawaomba, kabla ya kuulizana nauli, kaeni jioni moja baada ya Isha, mtoe makaratasi yote ya nyumba yenu mkekani, muone kipi kipo na kipi hakipo. Na aliye na mtoto wa kulelewa aanze na karatasi za huyo.

Namuomba Allah azijaalie safari zetu ziwe za kheri, awalinde watoto wetu na awarehemu wazee wao waliotangulia. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.