Kushuka Ndio Ngoma

Msikilizaji aingiapo ukumbini huzikuta ala za muziki zimekwisha kupangwa. Ganuni imelazwa, fidla zimo mikononi mwa wapigaji, na nyuma yao imesimama besi, ile fidla kubwa ipitayo kimo cha mtu. Huketi akasikiliza, akaisifu sauti ya mwimbaji na utamu wa maneno, kisha akaenda zake. Ni nadra mtu kujiuliza zile ala zilifikaje pale, hasa ikiwa pale penyewe ni ghorofa ya pili ya nyumba ya kale. Hata maandishi yetu juu ya sanaa hutaja watungaji, waimbaji na wapigaji, wachukuzi hawatajwi. Katika insha hii twataka kueleza kwamba uchukuzi wa ala nzito ni sehemu ya sanaa yenyewe, na kwamba sanaa isiyo na watu walio tayari kuubeba uzito wake haina maisha marefu.

Sisi tuandikao haya tulikulia katika Mji Mkongwe wa Unguja. Tuliingia katika chama cha taarabu tungali vijana, na kwa muda mrefu kazi yetu haikuwa kupiga bali kubeba. Nyumba za mji huo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa, aghalabu mita tatu au pungufu, vyumba huwa virefu na vyembamba. Ngazi nazo hubanwa baina ya kuta nene, zikapanda wima na kupinda ghafla. Waliozijenga nyumba hizo walifikiria kivuli, upepo na sitara ya wenyeji, hawakufikiria besi.

Wala hapana wa kuwalaumu, kwani zamani ala za taarabu zilikuwa nyepesi. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi nyimbo zake, kundi lake lilikuwa dogo, na ala kama udi na fidla ziliweza kuchukuliwa kwapani na kupandishwa melini bila ya taabu. Lakini vyama vya taarabu, kuanzia Nadi Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905, viliitazama sana Misri. Kadiri makundi ya Misri yalivyopanuka katika karne ya 20, ndivyo na yetu yalivyopanuka: fidla zikaongezeka, akodiani ikaingia, ikafuata selo, na mwisho ikaja besi. Muziki ukawa mnene. Ngazi zikabaki vile vile.

Hebu tuitazame besi hiyo. Kimo chake ni kama sentimita 180, na uzito wake ni baina ya kilo 10 na 15. Kwa kilo si mzigo wa kutisha. Gunia la mchele lina uzito kuishinda mara kadhaa. Ugumu wake u katika umbo na udhaifu wake. Tumbo lake ni pana, shingo yake ni ndefu, na ubao wake ni mwembamba. Ule ubao mdogo uziinuao nyuzi haukugundishwa. Umesimama kwa kubanwa na nyuzi zenyewe. Na ndani ya tumbo mna kijiti kilichosimamishwa baina ya ubao wa mbele na wa nyuma, nacho pia hakikutiwa gundi. Hicho ndicho kipelekacho mtetemo kutoka mbele hadi nyuma. Wafaransa na Wataliana hukiita kwa neno ambalo katika lugha zao lina maana ya roho, na hawakukosea: kikianguka, ala huwa hai kwa macho na maiti kwa masikio.

Mzee mmoja wa chama chetu, ambaye mikono yake ilikuwa imekwisha kuwa mizito kwa kupiga, ndiye aliyetufundisha kubeba. Alisimama chini ya ngazi na bakora yake, akatuamuru kwanza tupande mikono mitupu, tuhesabu vidato, tukijue kilicholegea na kilichomeguka. Kisha tukausukuma ndani ule mguu wa chuma ulio chini ya besi, tukaivisha guo lake, tukaishika wawili wawili. Wa juu alishika shingo, wa chini akashika kitako, na uso wenye nyuzi ukaelekezwa mbali na ukuta.

“Wanangu,” alituambia, “asemaye ni mmoja tu, naye ni wa chini. Wa juu haoni. Wa chini ndiye mwenye macho.”

“Naam, mzee wetu,” tukaitikia.

“Basi na mwenye macho aseme kabla ya kidato, si baada yake.”

Maneno hayo yalikuwa na elimu ambayo mwalimu wa fizikia aweza kuithibitisha ubaoni. Watu wawili wabebapo kitu kirefu kwenye ngazi, nacho wamekishika kwa chini, kitovu cha uzito huwa juu ya mikono yao. Kitu hicho kiinamapo, kitovu hicho husogea upande wa aliye chini, na fungu lake la mzigo huongezeka. Kwa hiyo mwenye nguvu huwekwa chini, iwe ni kupanda au kushuka, na kwa kuwa ndiye atakayeumia mzigo ukiponyoka, ni haki amri iwe yake.

Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hatujui methali iliyo kweli zaidi kwa wachukuzi wa ala. Wakati wa kupanda ni jioni. Watu wana nguvu, wenye arusi wapo mlangoni, na kila mmoja ataka kusaidia. Wakati wa kushuka ni usiku wa manane. Waalikwa wamekwenda zao, taa zimepunguzwa, na wachovu wataka kulala. Tena apandaye na mzigo hukiona kidato kilicho mbele yake, lakini ashukaye hukitafuta kwa wayo. Ndiyo maana mzee wetu hakukubali ala zishushwe mara tu baada ya wimbo wa mwisho. Alitaka tuketi kwanza, tunywe kahawa, tupumue. Wapo waliomcheka. Usiku mmoja, katika nyumba ya arusi, wageni wawili wenye haraka waliinyanyua besi bila ya kutungoja. Kitako kiligonga ukuta mahali ngazi inapopinda. Kwa nje haikuonekana hata alama, lakini tulipoitikisa tulisikia kitu kikigaragara tumboni. Roho ilikuwa imeanguka. Mjini hapakuwa wakati ule na fundi wa kuisimamisha, na kwa miezi kadhaa chama chetu kilipiga bila ya sauti ya chini. Nyimbo zilikuwa zile zile, lakini zilikuwa kama nyumba isiyo na msingi.

Ikiwa besi yataka uangalifu huo, piano je? Piano ya kusimama, ya namna iliyopata kuwekwa katika baadhi ya makanisa, shule na majumba ya starehe, huwa na kilo 200 hadi 300, na ile kubwa ya kumbi za tamasha hukaribia kilo 500. Uzito huo hautokani na mbao tu. Ndani yake mna fremu ya chuma cha kusubu, kwa sababu nyuzi zake, zaidi ya 200, huvuta kwa pamoja kwa nguvu za tani nyingi. Piano kubwa haipandishwi ikiwa imesimama. Hung’olewa miguu, ikalazwa kwa ubavu wake ulionyooka juu ya ubao, ikafungwa mablanketi na mikanda. Huko Amsterdam, nchini Uholanzi, ambako nyumba za kale zina ngazi nyembamba kuliko zetu, wajenzi walitoa mti wenye kulabu juu ya paa, ili vitu vizito vivutwe kwa kamba na kuingizwa madirishani. Jamii hiyo ilikiri katika ujenzi wake kwamba vitu vizito vitakuja, na ikaviwekea njia.

Wapo pia walioiwekea njia katika sanaa yenyewe. Majirani zetu wa Burundi wana ngoma kubwa zichongwazo katika gogo la mti na kuwambwa ngozi. Wapigaji huingia uwanjani wamejitwika ngoma hizo vichwani huku wakizipiga, wakazunguka nazo, kisha wakazitua na kucheza. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Ndani yake, kubeba hakukufichwa nyuma ya pazia. Mtazamaji huuona uzito, huona shingo zikikaza, na huheshimu kwa pamoja mkono upigao na kichwa kibebacho. Huko mchukuzi na msanii ni mtu mmoja.

Kwetu sisi watu hao wawili wametengana, na utengano huo una gharama yake. Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa imeviacha vingi kati ya vyombo vya kale na kuvitegemea vinanda vya umeme. Sababu ni nyingi: fedha, kasi ya dansi, matakwa ya vijana na ukubwa wa kumbi. Lakini sisi tuliobeba twajua sababu nyingine isiyoandikwa: kinanda cha umeme hupanda ngazi na mtu mmoja. Hatukichukii chombo hicho. Kina kazi yake na mabingwa wake. Tusemalo ni kwamba watu wakiiacha ala kwa kuwa hawaipendi tena, huo ni uamuzi wa utamaduni. Wakiiacha kwa kuwa hapana wa kuishusha usiku, huo si uamuzi; ni uchovu tu, nao usiruhusiwe kututungia muziki wetu.

Katika mji wetu wako watu wenye ujuzi wa kubeba kuliko sisi sote, nao ni mahamali. Kwa vizazi vingi wamepitisha makabati, magunia na milango ya nakshi katika vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Wana wito wao wa kunyanyulia na wito wao wa kutulia, na katika pwani yetu nzima wito huo huwa na mapigo. Neno harambee, ambalo Kenya ililifanya wito wa taifa baada ya uhuru wa mwaka 1963, ni la watu wanyanyuao mzigo kwa pamoja. Basi huo nao ni muziki, na huenda ndio wa kwanza kusikika kabla ala haijapigwa. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tulipata kuona hamali akiipandisha akodiani, selo na masanduku ya chama kizima, kisha akaambiwa angoje nje kwa kuwa hakualikwa. Aliketi barazani, akasikiliza kupitia dirishani muziki ambao bila yake usingalikuwapo.

Walimu wetu yafaa walitafakari jambo hili, kwani shule nyingi zina ala zilizofungiwa ghalani. Ngoma kubwa ya gogo, marimba, au matarumbeta ya bendi ya shule hayatoki mpaka siku ya sherehe, kwa sababu ghala liko mbali au liko juu. Chumba cha ala na kiwe chini, karibu na uwanja, na kiwe pakavu, maana ngozi na gundi huharibiwa na unyevu. Pasipowezekana, basi ngazi na mlango vipimwe kabla ala haijanunuliwa, si baada yake. Ala ishonewe guo nene. Na mwanafunzi atakaye kupiga afundishwe kwanza kubeba, bila ya kuhesabu kazi hiyo kuwa adhabu au utumishi. Aliyekwisha kuipandisha besi vidato 30 haipigi kwa dharau. Ajua mahali ilipo dhaifu, na mkono wake huilinda bila ya kufikiri.

Vijana wasomao haya watarithi nyimbo, na kuzirithi nyimbo si vigumu, kwani hukaa kifuani na hazina uzito. Ala ni mti, chuma, ngozi na nyuzi. Hazijipandishi ngazi, wala hazijishushi. Kila kizazi hukuta zikiwa mahali kizazi kilichopita kilipozitua. Yatupasa basi kuzitua mahali pazuri, pakavu, karibu na mlango, ili atakayekuja baada yetu azinyanyue bila ya kuhangaika, akiwa na mwenziwe wa chini mwenye macho na ulimi wa kusema kabla ya kidato.