Tiketi ya Dallas

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2025, tulipanda Bugeshi. Tunasema tulipanda kwa sababu ukitoka Gisenyi pale ziwani, barabara inapanda tu, baridi inaongezeka, na udongo unakuwa mweusi wenye mawe ya volkano. Bugeshi ni nchi ya birayi. Mashamba yake yanafika karibu kabisa na mpaka, na ng'ambo ile ni upande wa Kibumba, Kongo. Ukungu ukiondoka, Nyiragongo unauona wazi. Kati yetu kuna waliovuka upande huuhuu na godoro kichwani. Kwa hiyo hatukwenda kutalii.

Tuliitwa na vijana wenyeji wa pale kwa siku ya michezo. Asubuhi ilikuwa mpira, tulifungwa nne kwa moja, tusiongelee hiyo. Mchana ikawa michezo ya kukaa: igisoro, dama, karata. Na mfanyakazi mmoja wa shirika alileta boksi kubwa lenye picha ya treni. Mchezo unaitwa Ticket to Ride. Aliyeutunga ni Alan R. Moon, na ulitoka mwaka 2004.

Kwa wasioujua, tueleze kidogo. Mezani kuna ramani ya Marekani, miji imeunganishwa kwa mistari ya reli. Kila mchezaji ana mabehewa 45 ya plastiki ya rangi yake. Zamu yako ikifika unachagua kimoja: kuchukua kadi za rangi, au kulipa kadi ulizokusanya ili ujenge reli kati ya miji miwili, au kuchukua tiketi zingine. Reli fupi ina alama moja tu, reli ya mabehewa sita inakupa alama 15. Lakini siri ya mchezo ni tiketi. Tiketi inataja miji miwili, na wenzako hawaioni. Ukifaulu kuiunganisha miji hiyo kwa reli yako, unaongezewa alama za tiketi. Usipofaulu, alama zilezile unakatwa.

Rangi ni tano na sisi tulikuwa wengi, basi tukacheza wawiliwawili, wengine wamesimama nyuma wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kelele zilikuwa nyingi. «Yaya, weye unatufungia njia!» «Miye niko najenga tu, njia si ya baba yako.» Kijana mmoja wa Bugeshi, mdogo kuliko sisi wote, hakusema neno. Aliendelea kukusanya kadi kama mtu anayeweka akiba ya mbegu.

Sasa angalieni majina yaliyokuwa kwenye ile ramani: Dallas, Houston, Phoenix, Denver, Kansas City. Mtoto wa Ulaya anaweza kuona majina ya sinema tu. Sisi tunaona ndugu. Huko ndiko walikopelekwa majirani zetu wa kambini, wajomba, marafiki tuliosoma nao. Tunajua saa za Dallas kwa sababu ya kupiga WhatsApp. Tunajua Phoenix kuna joto kwa sababu shangazi wa mtu fulani analalamika kila siku.

Dada mmoja wa kundi letu, hatutamtaja jina na yeye ametukubalia tuandike, alivuta tiketi tatu mwanzoni. Sheria inasema ubaki na mbili au zaidi. Moja ilikuwa Dallas–New York, alama 11. Alicheka kwa sauti akaiweka kifuani. Mwenzake wa timu alimwambia airudishe, ni safari ndefu. Yeye akasema, «Hii sirudishi. Hii ni ya kwetu.»

Familia yake ilikuwa na kesi ya kwenda nchi ya tatu. Intavyu walimaliza, afya walipimwa, mama yao mdogo anawangoja Dallas. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Ilikuwa wiki ileile ambayo Goma ilikuwa inapigwa risasi na sisi upande huu hatulali, simu zote mkononi, tunatafuta nani yuko hai. Habari ya mpango kusimama wengi wetu tuliisikia kama mtu anayesikia mvua huku nyumba inaungua. Maana yake tuliielewa baadaye, polepole.

Turudi mezani. Alianzia New York, akashuka vizuri. Akafika Nashville, akafika Little Rock. Kutoka Little Rock hadi Dallas ni reli ya mabehewa mawili tu, na njia ni moja. Zamu moja kabla yake, yule kijana mdogo wa Bugeshi akaweka mabehewa yake pale. Wala hakujua. Tiketi ni siri, yeye alikuwa na safari zake. Dada akaanza kuzungukia Oklahoma City. Akafika hapo, amebakiza kipande kimoja. Lakini mtu akibakiza mabehewa mawili au chini, kila mmoja anapata zamu moja ya mwisho, basi. Rangi yake ya kadi haikutosha. Mchezo ukaisha.

Wakati wa kuhesabu akafunua tiketi. Dallas–New York. Meza ikanyamaza. Hata wenyeji walinyamaza, ingawa hawakujua kwa nini.

Yule mfanyakazi wa shirika ni mtu mwema, tunampenda. Akasema haraka, «Haina shida, hii tusiikate. Ni mchezo tu.» Dada akamjibu kwa adabu, lakini alimjibu: «Hapana, kaka. Ikateni. Mimi najua kuhesabu.» Akachukua mwenyewe kile kibao chake cha alama, akakirudisha nyuma hatua 11, moja moja.

Tumeongea sana kuhusu hatua zile. Mchezo hauulizi nani amekufungia njia. Hauulizi kama ulikuwa mvivu au ulibakiza kipande kimoja. Anayekatwa ni yule aliyeshika tiketi. Na hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Kesi ikisimama, mkataji hakatwi. Anayekatwa ni yule aliyeacha kujiandikisha chuo kwa sababu «tunaondoka karibuni». Ni yule aliyeuza mbuzi au aliyekataa kibarua. Ni yule aliyeambia rafiki zake kwaheri mara mbili na sasa anaona aibu kukutana nao sokoni. Hizo ndizo alama zetu za kutoa. Mtu akituambia «haina shida», anataka kutufariji, lakini ni kama amefuta hesabu ambayo sisi tumeilipa.

Lakini siku haikuishia hapo, asante Mungu.

Mmoja wetu akauliza, mbona tunajenga reli za Marekani tu, kwetu hakuna? Tukapasua kartoni la sabuni, tukachora Afrika Mashariki kwa biki. Tulikubaliana: reli ya kweli tunachora mstari, reli ya ndoto tunachora nukta. Simu zikatoka. Mombasa hadi Kisumu, ilianza 1896 ikafika ziwani 1901. Dar es Salaam hadi Kigoma, ilifika 1914. Ng'ambo ya Tanganyika kuna Kalemie, na reli inayoenda magharibi hadi Kabalo, halafu Kindu. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Halafu zile mpya: Mombasa–Nairobi 2017, na treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, 2024.

Tulipomaliza tukaona kitu. Mistari inazunguka pande zote, katikati peupe. Rwanda hakuna reli. Burundi hakuna. Kivu ya Kaskazini hakuna. Yaani sisi na wenyeji wetu tunaishi ndani ya shimo lilelile la ramani. Kijana wa Bugeshi ndiye aliyesema kwanza: «Kumbe hata sisi hatuna.» Tukacheka wote. Tangu asubuhi tulikuwa timu mbili, hapo tukawa moja.

Basi nukta zikaanza. Isaka–Kigali, hiyo serikali mbili zimekwisha kuipanga, tukaichora kwa heshima. Kigali–Musanze–Bugeshi. Na Bugeshi–Goma. Kwenye ile ya Goma mkono wa aliyekuwa anachora ulisimama kidogo. Mmoja akasema tuiache. Mwingine akasema tukiiacha, tutakuwa tumefunga mpaka sisi wenyewe. Tuliichora.

Mabehewa tulikopa kwa mama aliyetupikia: maharagwe ishirini kwa kila timu, mekundu, meupe, meusi, ya njano na yenye madoadoa. Kadi tulikata kwenye daftari. Halafu tukafika kwenye sheria ya kukatwa. Wengi walitaka iondolewe. Dada yetu akasema ibaki, ila tuongeze nyingine. Aliiita «kuomba njia»: ukikwama, unaweza kumwomba mwenzako upite kwenye reli yake mara moja. Akikubali, wewe unafika na yeye anapata alama mbili. Akikataa, ni haki yake. Mfanyakazi wa shirika akatuambia kwamba katika toleo la Ulaya la mchezo huo, la mwaka 2005, kuna kitu kama hicho, unaweka stesheni yako na kutumia reli ya mwingine. Dada akasema, «Basi wametuibia.»

Tulicheza hadi jua likaanza kushuka. Kila mtu aliomba njia, na karibu kila mtu alipewa. Tiketi mbili hazikufika, na tulizikata bila kubembelezana. Mshindi alikuwa yule kijana mdogo asiyesema. Reli yake ilitoka Mombasa hadi Bugeshi bila kukatika, na Dada ndiye aliyempa njia ya mwisho.

Kwenu vijana wenzetu wenye tiketi ambazo hazijafika: hatuna habari mpya ya kesi yoyote. Tunasema tu kwamba kukatwa alama si sawa na kutolewa mezani. Andika chuo. Kubali kibarua. Ukikwama, omba njia, usione aibu.

Na kwenu mnaofanya kazi na sisi: tunajua hamna ufunguo wa ile njia. Msikimbilie kutufutia alama za kutoa. Kaeni nasi tuzihesabu kwanza, halafu tutaongea sheria mpya.

Kartoni liko kwetu, limekunjwa chini ya kitanda. Maharagwe tulirudisha kwa mama, akayaosha mara mbili akayapika na birayi. Kwa hiyo Jumamosi ijayo anayekuja alete mabehewa yake.