Lina Uzito, Halinyonyi

Kiswahili kina maneno mengi ya kumsema anayeishi mgongoni mwa mwenzake. Kupe. Mnyonyaji. Kimelea. Mwenye mirija. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 maneno kama hayo yalitoka kwenye hotuba yakaingia sebuleni, na watu wa rika la shangazi yangu wamezeeka nayo. Kwa upande wa mimea tuna kirukia, ule mmea unaoota juu ya tawi la mchungwa au mkarafuu, ukapenyeza mizizi ndani ya mti na kunywa maji yasiyo yake. Lakini mmea unaokaa juu ya mti bila kuunyonya, ukashika gome tu ili uwe karibu na mwanga, huo sijausikia ukipewa jina mtaani. Mpaka uzunguke kwa sentensi nzima, kama nilivyofanya hapa.

Mimi nauishi nao. Ni kangaga, na wataalamu wanaliita Platycerium bifurcatum. Hilo jina la kwanza limetokana na Kigiriki na maana yake ni pembe pana, kwa sababu majani yake yanagawanyika kama pembe zenye matawi za wanyama wa nchi za baridi. Swala wetu hawana pembe za namna hiyo. Asili ya kangaga hili ni mashariki ya Australia na New Guinea, ila ukoo wake uko hadi kwetu: Platycerium alcicorne anaota pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska, na yupo mwingine wa misitu ya Afrika ambaye jina lake la kitaalamu linamaanisha sikio la tembo. Langu nililinunua Dar es Salaam kwa muuza maua wa kando ya barabara. Lilikuwa limefungwa kwenye kipande cha ubao kwa mshipi wa kuvulia, katikati wameweka makumbi ya nazi. Udongo hata kijiko kimoja hakuna.

Shangazi alipoletwa kwangu Januari, akitoka Muheza na mguu uliovunjika, kangaga lilikuwa na mwaka mzima ukutani kwenye roshani. Aliketi chini yake siku nzima kabla hajasema kitu. Jioni akaniuliza:

"Mwanangu, hiki si kirukia hiki? Mbona unakifuga?"

Shangazi ni mkulima wa machungwa. Maisha yake yote amepanda juu ya miti na panga kukata virukia, na anajua kwamba ukikata juu juu ukaacha kisiki ndani ya tawi, kinachipua tena. Nikamweleza kwamba hili halina mdomo ndani ya mti. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushika, na ubao wenyewe ni mkavu, hauna cha kunyonywa.

"Sasa linakula nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu mmea huu. Kangaga hili lina majani ya aina mbili. Yapo yale ya pembe, yanayoning'inia, ambayo yakikomaa hubeba mabaka ya kahawia nchani. Hayo mabaka ni vumbi la uzazi, kwani makangaga hayana ua wala mbegu. Halafu yapo majani ya chini, ya duara kama ngao, yanayolala juu ya ubao na kuukumbatia. Haya huanza kijani, kisha hukauka yakawa kahawia kabisa. Msituni ndiyo yanayopokea majani yanayodondoka kutoka juu ya mti, vumbi, vinyesi vya wadudu, na maji ya mvua. Vyote vinaozea hapo nyuma na kuwa chakula. Kwa hiyo linakula kilichoanguka.

Wageni wangu karibu wote hunyoosha mkono kutaka kuyabandua yale makavu. Wanadhani wananisaidia usafi. Jirani mmoja alikuwa ameshalishika jani nikamwahi. Ukiyabandua umelivua kangaga nguo, na umelinyang'anya sahani pia. Na ule unga mweupe juu ya majani ya pembe si vumbi la kufuta kwa kitambaa. Ni vinyweleo vinavyolisaidia lisikauke.

Shangazi alinisikiliza, akasema, "Haya," ile haya ya kuahirisha kesi.

Usiku wa mwezi wa tatu wa kukaa kwake, ukuta wa chumba ukiwa mwembamba kama kuta za nyumba nyingi za kupanga, nilimsikia akiongea na kaka yangu kwa simu. Alisema kwa sauti ya chini, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi miezi mitatu nalishwa tu. Nimekuwa kirukia kwa mtoto wa watu."

Mtoto wa watu ni mimi. Mimi niliyekaa kwake miaka tisa, kuanzia darasa la tatu, nikala ugali wake na kusomeshwa kwa magunia ya machungwa yake, na sikuwahi kuitwa kirukia hata siku aliyokasirika.

Ningeweza kuandika hapa kwamba hakuwa mzigo. Watu husema hivyo kwenye maombolezo na kwenye sherehe. Lakini kulikuwa na teksi za kwenda kliniki, dawa, ngazi za kumpandisha taratibu mpaka ghorofa ya pili, na usiku wa kuamka mara tatu. Kangaga nalo halinyonyi, ila lina uzito. Makangaga yakikua sana juu ya tawi na yakajaa maji ya masika, tawi linaweza kuvunjika bila kunyonywa tone. Nadhani shangazi alijua tofauti hiyo kuliko mimi. Alichokosa ni neno la katikati, kati ya mwenyeji na mnyonyaji, na lugha haikumpa.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Kesho yake nilitungua ubao, nikauweka miguuni pake pamoja na beseni la maji. Nikamwambia mimi natoka kazini usiku, hili lisimamie wewe.

Umwagiliaji wake si wa kopo. Unalaza ubao ndani ya maji dakika kumi na tano hivi mpaka makumbi yashibe, kisha unauegemeza pembeni uchuruzike kabla ya kuurudisha ukutani. Wakati wa joto la kaskazi mara mbili kwa wiki, masika mara moja au hata chini ya hapo. Likilowa muda wote, linaoza kwenye kitovu. Jua la asubuhi sawa, la saa saba linaunguza. Mimi nilikuwa nafuata siku za kalenda. Shangazi aliachana na kalenda wiki ya pili. Alikuwa anaunyanyua ubao na kuupima mkononi kama anavyopima chungwa kujua lina maji au ni ganda tu. "Jepesi hili, lina kiu." Au, "Liache, bado limeshiba." Hakukosea.

Mwezi wa tano kangaga lilitoa chipukizi ubavuni, na hilo chipukizi likatandaza kangao kake kenyewe. Mwezi wa sita mguu ulikuwa unakubali, na machungwa yalikuwa yanavunwa Muheza. Kikao cha ukoo kilikaa kwenye simu. Kaka alitaka abaki, mimi pia. Shangazi alisema anakwenda, na akimaliza mavuno tutazungumza. Alikata chipukizi pamoja na ngao yake, akalizungushia makumbi mabichi na kipande cha khanga, akapanda nalo basi akiwa amelipakata.

Jumapili alinipigia. Shikamoo sikuimaliza, akaniuliza kama nimelinyanyua ubao kuupima. Nikamjibu ndiyo. Nikamuuliza la kwake amelifunga wapi, kwenye mchungwa?

"Mchungwa!" Akacheka mpaka akakohoa. "Watu wakiniona nafunga mmea kwenye mchungwa watasema Dar wameniroga. Nimelifunga kwenye mwembe mzee nyuma ya jiko. Lile tawi la chini, nene. Nimelipima kwanza, litabeba."