Mgonjwa Ndiyo, Mafao Hapana

Barua ya kuninyima mafao ya ulemavu ilisomwa nyumbani kwetu na kila aliyejua Kiingereza, na kila mmoja aliondoka na maana yake. Mwanangu alisema wameniona mwongo. Jirani alisema wageni hawapewi. Mama mchungaji alisema tuombe, tukaomba. Mimi nilikuwa nimekata nyama kiwandani miaka mingi, huku katikati ya Marekani, tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kila mshahara ulikuja umeshakatwa fedha za Hifadhi ya Jamii. Sasa vidole havikushika kisu, wala kikombe kilichojaa.

Tulimpata mwanasheria wa wale wasiodai kitu mpaka ushinde. Hakuuliza habari za mikono. Alitaka barua.

"Mama, hapa wamekubali kwamba unaumwa," alisema kupitia mkalimani wa simu. "Wamekubali hata kwamba kiwandani hutaweza kurudi. Wanachosema ni kwamba kazi nyingine unaweza."

Kazi ipi? Haikutajwa ninayoijua. Kwetu aliyeshindwa kulima ameshindwa, hakuna anayemwuliza kama angeweza ukarani. Sheria ya Marekani inauliza. Kwanza inataka ugonjwa uwe wa kudumu angalau miezi 12, kisha inaangalia kama unaweza kurudia kazi uliyoizoea, na mwisho kama ipo kazi nyingine yoyote kwa wingi nchini, hata ya kukaa kwenye kiti ukichambua vitu vidogo, hata kama mjini kwenu hakuna anayekuajiri. Umri nao una uzito: aliyefikisha 50, asiye na ujuzi wa kuhamia kazi ya kukaa, kanuni zinamwelekea zaidi. Mimi nilikuwa na 46. Na kutojua Kiingereza, ambako zamani kulihesabiwa katika kupima elimu ya mwombaji, kuliondolewa Aprili 2020. Hilo liliniuma kuliko barua yenyewe, maana sijaona bado kazi ya kukaa ambayo maagizo yake hayatolewi kwa Kiingereza.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na orodha ya hospitali ambazo taarifa zake zilisomwa. Sisi sote tuliiruka. Kliniki ya mikono, ile iliyonipima mishipa ya fahamu, haikuwemo, kwa sababu haikutuma kitu. Walioamua walikuwa na maelezo ya daktari wa kawaida tu, na humo kila mara mgonjwa anaendelea vizuri. Ndiyo, nilijibu hivyo. Mtu akikujulia hali unamshukuru Mungu kwanza, maumivu yanafuata. Daktari ana dakika chache, anaandika la kwanza.

Siku 60 za kukata rufaa zilikuwa zimeandikwa wazi. Tukakata. Mapitio yakakataa tena, karibu kwa maneno yale yale, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapoacha, au wanapeleka ombi jipya bila kujua kwamba kuanza upya kunaweza kuwapotezea malipo ya nyuma. Mwanasheria aliomba kusikilizwa na jaji, na taarifa za kliniki ya mikono akazifuata mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa kwa simu, mkalimani akaletwa na Hifadhi ya Jamii bila malipo. Jaji alimwuliza mtaalamu wa kazi: mtu wa umri huu na elimu hii, anayeweza kukaa kutwa lakini mikono yake inashika kitu kwa nadra sana, afanye kazi gani? Akajibu kwamba hakuna. Swali lilikuwa lile lile la barua, ila safari hii kipimo cha mishipa kilikuwa ndani ya faili.

Nilikubaliwa. Malipo huanza baada ya miezi mitano kamili tangu ulemavu uanze, na mwanasheria alichukua robo ya malimbikizo kama tulivyoandikiana. Bima ya afya ya Medicare husubiri miezi 24 ya kustahili malipo, yangu haijatimia. Kliniki bado nalipa mwenyewe, na siku hizi sitoki pale bila nakala ya alichoandika daktari.